Mtoto na Balbu Tatu

Watu walimwita Wati, naye alikuwa amelizoea jina hilo kiasi kwamba ungemwita kwa lile alilopewa na wazazi wake, angegeuka kuangalia nani anaitwa. Duka lake la vifaa vya umeme lilikuwa jembamba, wateja wawili wakiingia wa tatu anasubiri nje. Lakini ndani mlikuwa na kitu ambacho maduka makubwa hayakuwa nacho: ubao wenye holda sita zilizopangwa mstari mmoja, kila moja na swichi yake. Huondoki kwa Wati na balbu kabla hujaiona ikiwaka pale ubaoni, na kabla hujanyoosha mkono chini yake ukaitazama ngozi yako mwenyewe.

"Wati ni umeme ambao balbu inakula," alikuwa akimwambia kila mtu, hata aliyekuja kununua soketi. "Lumeni ni mwanga inaoutoa. Tafuta inayokula kidogo ikatoa mwingi. Halafu njoo kwenye rangi ya mwanga, maana hapo ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia."

Sasa mtu wa namna hiyo mpe mtoto wa kwanza baada ya miaka tisa ya ndoa, uone. Wenzake hununua kitanda, hununua vinguo. Yeye alipanda ngazi. Mkewe akiwa anahesabu siku za mwisho, Wati alizunguka nyumba nzima akitoa balbu za zamani, zile za kuunguza vidole zinazokula wati mia kama umeme hauna mwenyewe, akaweka za LED. Chumba chao ndicho kilichomhangaisha zaidi. Kilikuwa cha nyuma, na dirisha lake lilitazamana na ukuta wa jirani, ukinyoosha mkono unaugusa, kwa hiyo taa yake iliwaka tangu watu wanapoamka mpaka wanapolala. Alijaribu nne, akashuka, akapanda, akashuka. Mwishowe akaridhika na ya wati saba, mwanga wa njano mpole, kelvini, yaani kipimo cha rangi ya mwanga, elfu mbili na mia saba kama boksi lilivyosema. Alitaka mtoto akifungua macho asikutane na mwanga wa kumchoma.

Mtoto alizaliwa Jumatatu, wa kike, mzima, mwenye sauti iliyosikika hadi kwenye korido. Jumanne wakaruhusiwa kurudi nyumbani. Jina walikuwa bado wanavutana, basi wakawa wanamwita Mgeni. Mgeni kaamka? Mgeni kanyonya? Wati aliacha duka mara nne kwa siku kuja kumtazama, na majirani zake wa biashara wakaanza kumtania kwamba mwenye duka amekuwa mteja.

Alhamisi akaja mama mkwe. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyelea watoto sita, na wajukuu alikwisha acha kuwahesabu. Alinawa mikono, akampokea mtoto, akakaa ukingoni mwa kitanda, akanyamaza muda mrefu kuliko bibi anavyonyamaza akishikishwa mjukuu mpya.

"Huyu mbona wa manjano?" akauliza.

Wati akacheka. Alicheka kwa raha kabisa, maana swali lilikuwa limemkuta mwenyewe. "Ni balbu hiyo, mama. Mwanga wake una njano. Hata wewe hapo ulipo ni wa manjano, na mimi, na ukuta." Akachomoa nepi mpya kwenye rundo, akailaza kando ya shavu la mtoto. "Hii nepi ni nyeupe au si nyeupe? Itazame."

Nepi ilikuwa ya manjano. Mama mkwe akaitazama nepi, akamtazama mtoto, akamtazama mkwewe. Ukweli ni kwamba hakuridhika hata kidogo. Lakini alikuwa kwa mkwewe, ndiyo kwanza amefika, hata mkoba wake haujafunguliwa.

"Haya, baba. Wewe ndiye mwenye taa," akasema.

Mkewe Wati alikuwa amejilaza upande wa ukutani. "Tangu asubuhi hanyonyi vizuri," akasema polepole.

"Anazoea," Wati akajibu, na macho yake yalikuwa tayari yameshahamia kwenye holda.

Maana swali lile lilimwingia mwilini. Alirudi dukani akakaa, akasimama, akapanga maboksi aliyokuwa ameyapanga jana. Alimuuzia mtu waya mita tano badala ya nane. Tusimfiche: alikuwa anaogopa. Kabla ya mtoto huyu mimba mbili zilikuwa zimetoka, na kila mara mambo yalianza na mtu mmoja kuuliza swali dogo tu. Hofu ya namna hiyo haimwachi mtu atulie. Wati hakujua kubembeleza, hakujua kunyonyesha, wala homa hakujua kuipima. Alichokijua ni balbu, basi akashika alichokijua.

Ijumaa asubuhi alitoka dukani na balbu ya pili mfukoni, ya kelvini elfu nne, mwanga ulio katikati, si njano si bluu. Akapanda ngazi juu ya kitanda, mkewe akiwa chini na mtoto kifuani. Akawasha, akashuka, akailaza tena ile nepi.

Nepi ilikuwa nyeupe safi. Mtoto alikuwa wa manjano.

Jamani, hapo mtu yeyote mwingine, hata asiyejua kusoma boksi la balbu, angeshtuka. Nepi nyeupe, mtoto manjano, sasa ulitaka uambiwe na nani? Lakini Wati alijua mno. Alikunja uso, akaangalia huku na huku, macho yake yakatua ukutani. Ukuta aliupaka yeye mwaka uliopita, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Akajipiga paji la uso.

"Ukuta," akasema. "Ukuta ndio unarudisha njano kwenye uso wake."

Akatafuta shuka jeupe, akaanza kulibana ukutani kwa pini. Mkewe alimfuata kwa macho, kutoka kona hii mpaka ile.

"Baba Mgeni, nimekwambia hanyonyi. Nikimweka kwenye ziwa analala. Namkuna nyayo, analala."

"Mtoto kulala si vibaya."

"Hata kulia amepunguza."

"Si ndiyo afadhali?"

Tumtetee, tuseme alikuwa na pini tatu midomoni na hakusikia vizuri. Lakini alisikia. Mama mkwe, aliyekuwa anakunja nguo pembeni, aliinua kichwa akamtazama binti yake, na binti yake akageuzia uso upande wa shuka.

Shuka halikusaidia. Saa nane mchana Wati alirudi na balbu ya tatu, ile kali, ya kelvini elfu sita na mia tano, yenye mwanga wa ubluu-bluu ambao wenye ofisi huupenda. Siku zote aliwakataza wateja wasiiweke chumba cha kulala. Sasa aliifunga mwenyewe, akawasha.

Chumba kikawa cheupe, kikapoteza joto lote. Shuka ukutani likawa na ubluu. Na mtoto, ndiyo, manjano ilikuwa imemtoka usoni. Alionekana amepauka, midomo kama ya mtu aliyetoka kwenye baridi, lakini njano haikuwapo tena. Wati akahema kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Mama, njoo umwone mjukuu wako sasa," akaita.

Mama mkwe akaja, akainama, akatazama sana. Naye akahema. "Kweli imetoka," akasema. "Labda ni macho yangu haya."

"Si macho, mama. Ni balbu tu."

Matiti ya mkewe yalikuwa yamejaa mpaka yanauma, na mwenye kuyanyonya alikuwa amelala. Alikuwa anakamulia maziwa kwenye kikombe na kujaribu kumdondoshea mtoto kwa kijiko. Mengi yalitoka pembeni ya mdomo, yakaingia shingoni.

Jumamosi Wati alifungua duka mapema, akijiambia kwamba mambo yamekwisha. Lakini mwili wake haukuwa umepata habari hiyo. Alifagia mara mbili. Alipanda juu ya stuli kuangalia rafu ya juu, akasahau alichopandia. Kichwani alikuwa anasikia kijiko kikigonga kikombe, na alijiuliza kwa nini mtoto asiye na tatizo alishwe kwa kijiko, kisha akajikataza kujiuliza.

Saa nne hivi akaingia mwenye bucha wa barabara ya pili, na aproni yake.

"Fundi, ile taa yangu imekufa. Nipe mwenzake."

"Ipi?"

"Ile nyekundu-nyekundu, ya juu ya nyama. Leo nimewasha ya kawaida, wateja wanachungulia, wananusa, wanaondoka. Nyama ni ya juzi, usimwambie mtu. Lakini chini ya taa yako hata ya juzi inaonekana imechinjwa alfajiri."

Wati akaitoa kwenye boksi, akaifunga kwenye holda ya tatu ya ubao, akabonyeza swichi, kama anavyofanya kwa kila mteja. Mwenye bucha akanyoosha kiganja chake chini ya mwanga, kikawa chekundu, kimejaa damu, kizuri.

"Hiyo hiyo," akasema kwa furaha. "Nyama haijabadilika hata chembe, lakini jicho linaridhika."

Wati alibaki na kidole kwenye swichi. Aliizima, akaiwasha, akaizima. Kiganja cha mwenye bucha kikawa kiganja cha kawaida, kikawa chekundu, kikawa cha kawaida. Alikuwa amejaribu balbu tatu juu ya mwanawe, na aliacha kujaribu pale alipoipata ile iliyomfurahisha. Nimemfanyia mwanangu kama nyama, akawaza, kwa maneno hayo hayo.

"Kaa na duka," akasema.

"Nikae na duka? Na bucha yangu nimwachie nani?"

Lakini Wati alikuwa ameshapita mlangoni.

Alikimbia. Mtu wa miaka arobaini na mbili, mwenye tumbo, na bisibisi mfuko wa shati, alikimbia kupita kinyozi, kupita mashine ya kusaga, watu wakimpisha wakidhani kuna moto mahali. Aliingia chumbani bila kuvua viatu, akamchukua mtoto mikononi mwa mkewe, akatoka naye mbio kupitia sebuleni mpaka nje, barabarani, kwenye jua. Mkewe akamfuata pekupeku.

Akamfunua shali. Hapakuwa na boksi la kusoma wala ukuta wa kusingizia. Mtoto alikuwa wa manjano kutoka paji la uso mpaka vidole vya miguu. Nyayo zake zilikuwa za manjano. Wati akamvuta kope la chini kwa ncha ya kidole, taratibu sana, na palipotakiwa kuwa peupe palikuwa na rangi ya kiini cha yai. Jua lilimpiga usoni na hakukunja hata kipaji.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake. "Nilisema," akasema, kwa sauti ya chini, na ilionekana kwamba aliyekuwa anamlaumu ni yeye mwenyewe kwa kunyamaza.

Hospitalini waliitwa ndani bila kupanga foleni, jambo ambalo lilimtisha Wati kuliko foleni yoyote. Nesi alimpeleka mtoto dirishani, akamvua, akambonyeza kifuani kwa kidole na kuachia, akatazama rangi iliyobaki. Akambonyeza tumboni. Akambonyeza mguuni. Akaketi, akafungua faili.

"Ana siku ngapi?"

"Tano," akasema mkewe.

"Ananyonya?"

"Tangu Alhamisi hanyonyi."

"Na huu umanjano mliuona lini?"

Mkewe alitazama sakafu. Mama mkwe alimtazama mkwewe, akafumba mdomo, na Wati akajua kwamba mama huyu hatamuumbua. Yeye akisema "leo", litaandikwa leo, na hakuna atakayelipinga. Neno lilikuwa pale pale ulimini, jepesi.

"Alhamisi," akasema. "Mama aliuona Alhamisi. Mimi nikamwambia ni balbu. Kisha nikabadilisha balbu mpaka nikapata inayouficha."

Nesi akaacha kuandika. "Inayouficha," akarudia. "Unafanya kazi gani, baba?"

"Nauza balbu."

Nesi hakumgombeza, na Wati angeona afadhali agombezwe. Nesi alimtoa mtoto damu kisiginoni, mtoto akalia kidogo tu, sauti nyembamba, tofauti kabisa na ile iliyosikika kwenye korido siku ya kuzaliwa. Majibu yalipokuja nesi aliyasoma akiwa amesimama.

"Kiwango cha umanjano kwenye damu kiko juu. Kikizidi hapa, umanjano huu unaingia kwenye ubongo, na ukishaingia hatuna namna ya kuutoa. Tunamweka chini ya taa ya kuupunguza sasa hivi. Mngekuja juzi isingekuwa mbio namna hii."

Wakamweka akiwa na nepi tu ndani ya kisanduku cha kioo, wakamfunga macho kwa kitambaa, wakawasha taa juu yake. Zilikuwa za bluu, bluu kali, na mtoto naye akawa wa bluu, na shuka, na mikono ya nesi. Wati alisimama akiwa amegusa kioo kwa paji la uso. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alitazama taa bila kujiuliza ni za wati ngapi.

Baada ya saa mbili hakuweza tena. "Naona kama imepungua," akamwambia nesi aliyekuwa anapita.

"Huoni kitu, baba. Chini ya taa hii hata sisi hatuoni. Tunasubiri damu."

Basi akasubiri damu. Alikaa kwenye benchi, akasimama, akahesabu milango ya korido, akarudi, akakaa. Akaenda mpaka getini, hakujua amefuata nini, akarudi. Mama mkwe alimletea chai, ikapoa mkononi mwake. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya kisanduku, mkono wake umepita kwenye tundu la kioo, kidole kimoja kimeshikwa na kiganja kidogo cha bluu. Tangu wapande teksi hakuwa amemsemesha mumewe. Wati akamsogelea, akatafuta la kusema, akapata moja tu.

"Nisamehe."

Mkewe hakugeuka. "Siku mbili nilikwambia hanyonyi," akasema. "Mimi mama yake. Hukuniuliza chochote. Ulikuwa unaiuliza balbu."

Hakupandisha sauti. Wati alirudi kwenye benchi, akashika tama, na mara hii alikaa bila kuinuka.

Damu ilipimwa tena jioni, kiwango kikawa kimeshuka kidogo mno kiasi cha kutofurahisha mtu. Ikapimwa Jumapili asubuhi. Nesi wa zamu mpya alikuja na karatasi, akawaita wote watatu.

"Kiwango kinashuka vizuri," akasema nesi. "Atakaa kwenye taa siku moja au mbili zaidi. Hatari kubwa naona tumeivuka, ila atakuja kupimwa masikio, maana umanjano huweza kuyadhuru, na tutamwangalia anavyokua. Leo siwezi kuwaahidi zaidi ya hapo. Mama, mtoe umnyonyeshe. Una nusu saa."

Taa zikazimwa. Mtoto akatolewa kwenye kisanduku, akafunguliwa macho, akafungwa shali, akawekwa mikononi mwa mama yake. Mama mkwe alilisogeza pazia kidogo ili nuru ya asubuhi iingie, akatoka nje kwa adabu. Wati alibaki karibu na mlango. Kutoka pale alipo angeweza kumwona mtoto vizuri, uso wake wote, na shingo yake mwenyewe Wati ilikuwa inamvuta ainame atazame, apime, aamue. Akayashusha macho yake kwa nguvu mpaka kwenye miguu ya kiti.

"Wewe unamwonaje?" akamuuliza mkewe.

Chumbani ilisikika sauti ndogo ya koo linalomeza, ikakatika, ikaanza tena. Wati akangoja. Kungoja huko kulimuuma kuliko korido nzima ya jana, lakini akangoja.

"Anavuta," mkewe akasema hatimaye. "Si kama Ijumaa. Ijumaa alikuwa anashika kisha anaachia, ulimi hauna nguvu. Sasa anavuta mara tatu, nne, halafu anapumzika. Ziwa la kushoto analipenda zaidi. Na mkono wake, huu, ameukunja. Juzi ulikuwa unaning'inia tu, nikawa naurudisha ndani ya shali kila mara. Ulikuwa hujui hilo."

"Nilikuwa sijui."

"Na usiku wa Alhamisi alikuwa analia kama paka mdogo. Hilo pia hujui."

"Sijui," akasema Wati, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kificho. "Nieleze."

Akaketi sakafuni, mgongo ukutani, na mkewe akaanza kumweleza, kuanzia Jumanne walipofika nyumbani.